Mgomba Uliokatwa kwa Urefu Wangu

Eliza alinipigia simu asubuhi, nikiwa bado nimejifunika blanketi na kujiuliza kama kuna sababu yoyote ya maana ya kutoka nje siku hiyo. "Kaka Yotamu," akasema, "Mama ametuacha." Sikuuliza mama yupi. Mama aliyenizaa nilishamzika zamani. Huyu alikuwa Mama Filimoni wa Kibondo, mama yake Eliza, ambaye nilikaa kwake mwaka mmoja tu wa ujana wangu, na ambaye tangu hapo, kila ikikaribia Krismasi, alinitumia mkungu wa ndizi za kisukari kwa basi. Mimi ni mtu wa Kasulu ambaye Kasulu yenyewe naiona kubwa mno. Mke wangu husema nikienda sokoni narudi nimekonda. Lakini siku hiyo nilivaa sweta, nikapanda basi, nikavuka daraja la Malagarasi nimefumba macho kama kawaida yangu, nikaenda kuzika. Nilichokikuta nyuma ya ile nyumba kimeninyima usingizi tangu nirudi, na mtu anayependa kitanda kama mimi akinyimwa usingizi hana budi kushika kalamu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, mwaka uliofuata ule ambao watu walihamishiwa vijijini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilitaka kuwa mwanamaji. Najua mnacheka. Wenzangu wa kijijini kwetu Titye nao walicheka, maana maji makubwa niliyokuwa nimeyaona ni yale yanayotuama kwenye mashimo ya matofali wakati wa masika. Lakini nilikuwa na hoja yangu. Askari wa nchi kavu anatembea, analala porini, leo yuko huku kesho kule. Mwanamaji anakaa ndani ya meli, na meli ndiyo inayotembea. Kitanda chake yumo nacho, jiko limo humo humo, sahani yake anaijua. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo kazi pekee ya serikali ambayo mtu anaweza kuzunguka dunia bila kutoka nyumbani. Kwa akili hiyo, niliposikia kwamba wanaochagua vijana watapitia Kibondo mwaka ule, nilichukua sanduku langu la bati. Shangazi yangu alikuwa akisali na Mama Filimoni zamani, akanielekeza kwake. Alisema, "Ana chumba, na mwanawe ni mwanamaji. Atakufundisha." Hakusema zaidi. Pengine hakujua zaidi.

Chumba kilikuwa cha Filimoni mwenyewe. Kitanda cha kamba, dirisha la mbao lililofungwa, na ukutani picha ya meli iliyokatwa kwenye kalenda ya zamani. Viatu vyeusi vilikuwa chini ya kitanda, vimeelekezwa mlangoni, vimepakwa rangi vikang'aa kama vya mtu anayengojewa nje. Shati na suruali zake zilining'inia kwenye msumari. "Vaa," Mama Filimoni akaniambia siku ya kwanza alipoona zangu zimechoka. "Nguo isipovaliwa inaliwa na mende." Nikavaa. Suruali ilinikaa bila kukunjwa wala kushushwa. Mama Filimoni alinizunguka polepole, akanivuta shati mabegani, akasema tu, "Yoo." Eliza, ambaye wakati ule alikuwa msichana wa shule mwenye mdomo, alinitazama kutoka jikoni akaacha kutafuna. Chakula kilipopakuliwa nilipewa sahani ya bati yenye ukingo wa bluu. Mlikuwa na ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, na dagaa juu yake. Mimi si mtu wa kuuliza maswali mbele ya dagaa.

Kijana wa leo akitaka kujua njia ya kuwa mwanamaji, ya wakati ule ninaijua kuliko wimbo wa taifa, kwa sababu nilikaririshwa. Uwe raia, na wazee wa kijiji wakujue. Uwe hujaoa. Uwe umesoma kweli darasa unalosema umesoma. Kisha unangoja usaili wilayani, ambako unavuliwa shati, unapimwa urefu na kifua, unakaguliwa meno kama mbuzi wa mnadani, unaonyeshwa rangi uzitaje, unakimbizwa mpaka kilimani na kurudi. Ukipita, kwanza unafundishwa uaskari wa nchi kavu, hata kama umezaliwa na mapezi. Miezi na miezi unabeba bunduki, na hapo ndipo wachache wanachaguliwa kwenda pwani kufundishwa maji, mafundo ya kamba, mitambo, bendera za kupeana ishara. Aliyenikaririsha hayo yote ni Mama Filimoni, ambaye hakuwahi kuona hata Ziwa Tanganyika. Filimoni alirudi likizo mara moja akamweleza kila kitu jikoni pale, naye hakupoteza hata neno. Tatizo ni kwamba alipoyasema aliyasema kwa sauti ya mtu mwingine. Alikuwa mwanamke wa sauti nyembamba, lakini akifika kwenye mafundo ya kamba sauti ilishuka, ikawa na kicheko cha kijana ndani yake. Eliza hapo aliinuka kila mara akaenda kuchota maji ambayo yalikuwa tayari yamejaa.

Zoezi kubwa lilikuwa la karai. Kila alasiri Mama Filimoni alijaza karai maji, akaliweka kwenye kiti kifupi uani, mimi nikapiga magoti na kutumbukiza uso. Alinishika kisogoni kwa mkono mmoja, mwepesi, akahesabu kwa Kiha: rimwe, kabiri, gatatu. Bwana Sefu, aliyekuwa na duka jirani, ndugu zake wakiwa Ujiji na Bagamoyo, alizoea kuegemea ua akitazama. "Nahodha!" ananiita. "Hali ya bahari leo?" Nami nikiibuka natema maji, nasema, "Shwari, Bwana Sefu." "Angalia papa!" Basi siku moja niko ndani ya maji, mkono uko kisogoni, hesabu inakwenda. Inakwenda mbali kuliko siku zote. Kifua kinaanza kuwaka, nataka kuinuka, na mkono unanizuia, si kwa nguvu, ni kama mtu anayesema ngoja kidogo. Nikajitupa nyuma, karai likapinduka. Mama Filimoni alikuwa kule kwenye lango la ua, kwa Bwana Sefu, akipokea chumvi. Alikuwa na pakiti mkononi. Wote wawili walinigeukia. "Nahodha, meli imezama?" akauliza Bwana Sefu. Nilijiambia kwamba ilikuwa kola ya shati iliyolowa ikaganda kisogoni. Ni maelezo mazuri na nimeyatumia maisha yangu yote. Lakini shati lilikuwa la Filimoni, na ni nani aliyekuwa akihesabu, hilo kola haiwezi kulieleza.

Siku chache baadaye ndipo nilipoelewa nimeingia nyumba gani. Ukuta wa chumba changu na sebule ulikuwa wa udongo mwembamba, na mimi jioni huwa nimeshalala, kwa hiyo nilisikia. Alikuja Mzee Kagoma, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Mama Filimoni. "Shemeji," alisema, "mwaka unaisha. Walituambia wazi kwamba mtoto alipotea majini na mwili haukuonekana. Unamwacha nje mpaka lini?" Mama Filimoni akajibu, "Aliyepotea hutafutwa, shemeji. Hazikwi." "Hana pa kuingia, ndiyo maana anahangaika humu. Eliza anasikia viatu vyake usiku." Kisha Mzee Kagoma akashusha sauti, lakini ukuta ule haukujua siri. "Na Mungu ametuletea kipimo. Huyo kijana anavaa suruali ya Filimoni bila kukunja."

Katika ukoo wao, mtu akifa mwili usionekane, huzikwa gogo la mgomba badala yake. Linakatwa kwa urefu wake kamili, linaviringishwa shuka, linaliliwa, linafukiwa. Lisipokuwa na urefu wake, hatalijua kuwa ni lake. Na urefu wa Filimoni, pale nyumbani hakuna aliyekuwa ameupima, mpaka nilipotokea mimi na sanduku langu, nikala kwenye sahani yake na kutoshea kitandani mwake.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikukimbia. Kwanza, ilikuwa jioni na nje kulikuwa na baridi. Pili, usaili ulikuwa wiki hiyo hiyo, na Mzee Kagoma alikuwa mmoja wa wazee wa kunisemea kwamba nina tabia njema. Asubuhi aliniuliza kwa adabu zote, na mimi nikakubali kwa adabu zote. Yeye na wanaume wa ukoo wakanilaza kwenye mkeka uani, mikono ubavuni, macho nimefumba. "Tutakuita kwa jina lake," akasema Mzee Kagoma. "Usiitike. Maiti haitiki." Nikahisi kamba ya mgomba ikipitishwa kutoka utosini, ikinigusa pua, kifua, goti, ikafika kisiginoni na kukatwa. Wakaita, "Filimoni!" Hata kuku waliacha kuchakura. "Filimoni!" Nataka niseme ukweli: neno lilikuwa limeshanijaa mdomoni. Sijui lilitoka wapi, maana jina langu ni Yotamu na hata kwa jina hilo huwa nachelewa kuitika. Nikauma ulimi. Na pale pale, kutoka jikoni, Mama Filimoni akaitika kwa ile sauti ya kiume yenye kicheko: "Nipo."

"Shemeji, umeharibu!" Mzee Kagoma alifoka. Mama Filimoni alitoka akijifuta mikono kwenye kanga, sauti yake nyembamba imerudi. "Sijaharibu. Leteni hiyo kamba. Mgomba nitauchagua mimi." Akachukua jembe na panga, akaenda peke yake shambani nyuma ya nyumba. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa ameubeba mgomba mgongoni kama mtoto, tayari ameuviringisha kwenye shuka jeupe na kuufunga kwa mafundo ambayo sikuwahi kuyaona katika nchi hii ya milima. Hakuna aliyethubutu kuufungua. Waliweka kamba juu yake, ikatosha hasa. Wabebaji walinong'ona kwamba ni mzito. Wakaufukia huko nyuma, wakauimbia, na mimi nikabaki uani kwa sababu aliyepimwa haruhusiwi kuliona kaburi, siku ile wala siku nyingine.

Baada ya hapo Mzee Kagoma akanipa sharti, akinishika bega kama mtu anayenipongeza. "Kijana, usivuke maji yanayokwenda mpaka huo mgomba uoze. Maji yanajua yalimchukua mtu wa urefu huu. Yakikuona, yatadhani umeyatoroka." Bwana Sefu, aliyekuja kuhani, aliposikia alijitahidi sana asicheke msibani. "Pole, Nahodha," akaninong'oneza. "Mwanamaji asiyevuka maji. Hata kwa Waarabu sijamsikia." Nilicheka pia. Kisha nikakumbuka kwamba kati ya Kibondo na Kasulu kuna Malagarasi, na kwamba siyo bahari tu niliyofungiwa, bali na nyumbani.

Nilikwenda kwenye usaili hivyo hivyo. Watoto njiani walinikwepa, wakiambizana kwa Kiha kwamba yule aliyezikwa anapita. Nikavuliwa shati, nikapimwa, na kamba ya daktari iliponigusa kisigino nilifumba macho bila kuambiwa. Meno yakakaguliwa, rangi nikazitaja zote. Ofisa mmoja mwenye sare nyeupe akaniuliza, "Unajua kuogelea?" "Najua kubana pumzi, afande." Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. "Hiyo ni kazi ya wanaozama," akasema, lakini alikuwa anatabasamu. "Haya. Tutakufundisha." Nilipita. Katika maisha yangu yote ni mara moja tu nimeshinda kitu kwa mwili wangu, na ni siku hiyo. Nilirudi nikakimbia mpaka jikoni. Mama Filimoni akanisikiliza huku akichagua maharage. "Vizuri," akasema. "Na yeye alifurahi hivyo hivyo." Kisha akainamia tena maharage yake.

Lori lilituchukua asubuhi yenye ukungu, tukielekea Kigoma kupanda treni. Vijana waliimba. Mimi nilikaa juu ya sanduku langu, nimevaa shati la Filimoni, nikijiambia kwamba mimi ni msomi wa kidato cha nne, na mgomba ni mgomba. Kabla ya daraja dereva akasimama, injini imechemka, vijana wakaruka chini kwenda kuchota maji mtoni. Nilibaki peke yangu nyuma ya lori. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mto hata maji hayaonekani, yanasikika tu. Na kutoka huko chini mtu akaita, kwa sauti ya kirafiki kabisa, kama anayekuitia chakula: "Filimoni! Njoo basi!" Nikasimama. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka ubao wa lori. Vijana wakaanza kupanda na madebe yao. Nikawauliza nani ameita. "Ameita nani?" Hakuna aliyeita. Hakuna hata mmoja aliyelijua jina hilo. Nikashuka upande wa Kibondo na sanduku langu. "Wewe! Unakwenda wapi?" sajini akapiga kelele. "Samahani, afande, kuna kitu nimekisahau." "Kitu gani?" "Nyumbani." Lori zima lilicheka mpaka lilipovuka daraja, na kicheko chao kikamezwa na ukungu. Ndivyo ilivyoishia safari yangu ya kulitumikia taifa majini.

Nilitembea kurudi, na jua lilikuwa limeshashuka sana nilipofika. Mama Filimoni alikuwa jikoni. Mezani kulikuwa na sahani yenye ukingo wa bluu, imefunikwa. "Ugali umepoa," akasema.

Nilikaa kwake masika yote yaliyobaki. Nilimsaidia kulima, nikamfundisha Eliza hesabu, karai likarudi kuwa la kufulia. Alianza kuniita mwana wanje, mwanangu, halafu siku nyingine aliniita Filimoni bila kujikosoa, na siku nyingine, hilo ndilo lililonitisha, mimi niliitika. Jioni moja Eliza aliweka sufuria chini akaniambia, "Kaka, ukizidi kuitika hutakwenda tena." Alisema kama utani. Nililala vibaya. Nilimkumbuka mama yangu, nilikumbuka kitanda changu cha Titye, na nilijua kwamba kati yangu na vyote hivyo kuna mto na gogo chini ya udongo ambalo siruhusiwi kwenda kuona limefika wapi.

Nadhani Mama Filimoni alisikia maneno ya Eliza. Asubuhi moja, kiangazi kimeanza, alikuja na udongo kwenye miguu, akaketi mbele yangu. Alinitazama usoni kwa muda, kama anayesoma maandishi madogo. "Nimekwenda kuangalia," akasema. "Mgomba umeoza wote. Filimoni amekufa." Neno hilo la mwisho alilisema kwa sauti yake mwenyewe, ile nyembamba. Kwa mwaka mzima sikuwahi kumsikia akilisema. "Nenda kwenu, Yotamu. Mama yako anakungoja." Nikavuka daraja siku hiyo hiyo, nimefumba macho, na hakuna aliyeita.

Basi mwezi uliopita nilikuwa Kibondo tena, mzee mwenye sweta. Mzee Kagoma na Bwana Sefu walishatangulia. Eliza, ambaye naye sasa ana wajukuu, akanishika mkono baada ya sala. "Njoo uone tunapomlaza. Alitaka awe kando ya Filimoni." Nikamkumbusha kwamba aliyepimwa haendi. "Kaka, wote waliokukataza wamekufa," akasema. Nikamfuata nyuma ya nyumba. Kando ya shimo jipya palikuwa na shina la migomba, kubwa, la zamani, machipukizi yamezunguka mama zake, mikungu miwili inaning'inia. Nikatafuta kaburi la gogo. Eliza akaionyesha ile migomba kwa kidevu. "Si hiyo hapo? Mama hakuukata juu kama walivyosema. Aliung'oa na tunguu lake la chini, akalificha ndani ya shuka. Aliniambia siku za mwisho. Alisema yeye hawezi kuzika kitu kilichokufa." Gogo la mgomba likizikwa linaoza. Lakini tunguu, kile kichwa cha chini kinachotoa machipukizi, ukilifukia umepanda. "Haukuoza hata siku moja," Eliza akasema. "Ulichipua kabla hujaondoka. Na ndizi zake hakuna aliyeruhusiwa kuzila hapa, zilikuwa za kukutumia wewe. Alisema ni zako, zimetoka kwenye urefu wako."

Nilisimama pale, na ninakiri kwamba wazo la kwanza lilikuwa la tumbo: nimezila miaka yote hiyo, mimi na mke wangu na watoto, na tulizisifu. La pili lilichelewa kidogo. Alikuwa amemzika mwanawe akiwa hai, ili asilazimike kusema amekufa. Kisha akanitazama mimi, mtoto wa mwanamke mwingine niliyeanza kuitika jina lisilo langu, akalisema neno hilo. Akadanganya kuhusu mgomba, na ili uongo huo unitoshe ilimbidi autie ukweli ndani.

Waliponisindikiza kituoni Eliza alinipakatisha mkungu, umefungwa kwenye shuka jeupe. Basi likaondoka. Nilikaa dirishani, na kadiri tulivyokaribia Malagarasi nilipiga hesabu zangu: kwa sheria ya Mzee Kagoma, sijaruhusiwa kuvuka maji haya tangu ujana wangu. Kila nilipovuka nilikuwa mtoro. Na aliyekuwa akinidhamini yuko chini ya migomba. Basi lilipopunguza mwendo kwenye daraja sikufumba macho. Nilivuta hewa nikabana pumzi, kama nilivyofundishwa, nikiutazama mto. Mkono ukanishika kisogoni, mwepesi. Nilitaka kusema ni kola, lakini sweta langu halina kola. Rimwe, kabiri, gatatu. Sauti ilikuwa nyembamba. Kijana aliyekaa pembeni yangu akaniuliza, "Babu, vipi, unaumwa?" Sikuweza kumjibu, nilikuwa na kazi. Magurudumu yakagusa udongo wa upande wa pili, na mkono ukaniachia.